Mitihani ya Kiingereza: bei yashuka, muhuri wabaki serikalini

CHETI cha Kiingereza ni miongoni mwa bidhaa chache zinazonunuliwa kwa fedha za kigeni na kuharibika zikiwa kabatini. Matokeo ya mitihani ya IELTS, TOEFL na Duolingo huhesabika kwa miaka miwili tu. Muda huo ukipita, mwenye cheti hulazimika kulipa upya, hata kama Kiingereza chake kimekuwa kizuri zaidi.

Kwa miaka mingi biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa wauzaji wawili wakubwa. TOEFL ya Marekani ilianza mwaka 1964. IELTS, inayomilikiwa kwa ubia na British Council, Chuo Kikuu cha Cambridge na kampuni ya IDP ya Australia, ilianza mwaka 1989. Mteja alilipa ada, ambayo leo katika nchi nyingi inazidi dola 200 za Marekani, akafanya mtihani ukumbini kwa karatasi na penseli, kisha akasubiri matokeo kwa majuma.

Hali hiyo sasa imevurugika. Mwaka 2009 Pearson ya Uingereza iliingia sokoni na PTE, mtihani ulioachia kompyuta kazi ya kusahihisha. Baadaye ikaja Duolingo ya Marekani na mtihani wa saa moja hivi, unaofanyika nyumbani mbele ya kamera ya kompyuta, matokeo yakitoka ndani ya siku mbili. Ugonjwa wa korona ulipofunga vituo vya mitihani mwaka 2020, Duolingo ilikuwa ikiuza mtihani wake kwa dola 49. Vyuo vingi vya Marekani, vikiwa havina njia nyingine ya kuwapima waombaji, viliupokea.

Wakongwe nao hawakukaa kimya. Julai 2023 TOEFL ilipunguzwa kutoka saa tatu hivi hadi chini ya saa mbili. Januari 2026 ikabadilishwa tena: maswali ya kusoma na kusikiliza sasa huwa magumu au mepesi kulingana na mtahiniwa anavyojibu, na alama hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 6, huku kipimo cha zamani cha 120 kikiendelea kuonyeshwa pembeni kwa kipindi cha mpito. IELTS kwa upande wake ilianza mwaka 2022 kumruhusu mtahiniwa aliyeangushwa na sehemu moja, tuseme kuandika, kurudia sehemu hiyo peke yake badala ya zote nne. Nafuu hiyo haipatikani kila mahali, wala si kila chuo kinaikubali.

ANAYEPANGA THAMANI

Kwa kawaida wauzaji wakiongezeka mnunuzi hunufaika. Katika soko hili, hata hivyo, anayelipa siye anayeamua. Mtahiniwa hutoa fedha, lakini thamani ya cheti hupangwa na afisa wa uhamiaji au msajili wa chuo.

Marekani haimlazimishi mwombaji wa viza ya masomo kuwa na cheti cha mtihani fulani. Kazi hiyo imeachiwa vyuo. Ndiyo maana Duolingo ilipata mlango mpana huko. Uingereza ina orodha yake ya mitihani inayokubalika kwa viza za kazi, na lazima ifanyike katika kituo kilichoidhinishwa. Australia ilipanua orodha yake mwezi Agosti 2025 hadi kufikia mitihani tisa, lakini ule unaofanyiwa nyumbani haupokelewi kwa viza. Kwa hiyo cheti cha bei nafuu kinaweza kufaa chuoni Marekani na kukataliwa katika dirisha la viza ya Australia.

Ugumu huo una chanzo chake. Mwaka 2014 televisheni ya BBC ilifichua udanganyifu katika vituo vya Uingereza vilivyotoa mtihani wa TOEIC, ambamo watu wengine waliwafanyia watahiniwa mtihani. Taasisi ya ETS, yenye mtihani huo, ilipitia zaidi ya matokeo 58,000 na kuyatilia shaka asilimia 97. Maelfu ya wanafunzi walipoteza viza, na baadhi yao walipigania haki yao mahakamani kwa miaka mingi wakisema hawakudanganya. ETS ilipoteza nafasi yake katika soko la viza la Uingereza.

HISA ZAPANDA NA KUSHUKA

Mwekezaji anayetaka kuona nguvu ya serikali katika biashara hii aitazame IDP. Hisa zake ziliingia katika soko la Australia mwezi Novemba 2015 kwa dola 2.65 za nchi hiyo, na mwaka 2021 zilivuka dola 30. Mwaka huo huo kampuni ililipa paundi milioni 130 kununua biashara ya IELTS ya British Council nchini India.

Kisha milango ikaanza kufungwa. Agosti 2023 Kanada iliruhusu mitihani mingine ya Kiingereza katika utaratibu wake wa viza za haraka za wanafunzi, ambao awali ulikubali IELTS peke yake. Januari 2024 ikatangaza ukomo wa vibali vya wanafunzi, na Novemba ikaufuta utaratibu wenyewe. Julai 2024 Australia ilipandisha ada ya viza ya mwanafunzi kutoka dola 710 hadi 1,600. Tarehe 3 Juni 2025 IDP ilitoa tahadhari kwamba wanafunzi na watahiniwa wake wanapungua, na hisa zake zikapoteza karibu nusu ya thamani kwa siku moja.

Aidha, mwenye kuzitazama hisa za Duolingo, zilizoanza kuuzwa New York mwezi Julai 2021 kwa dola 102, ajue kuwa sehemu kubwa ya mapato ya kampuni hiyo hutokana na wanaolipia programu ya kujifunza lugha. Mtihani ni tawi dogo. ETS haina hisa za kuuza, kwa kuwa si taasisi ya faida.

UPANDE WETU

Katika orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wa Kiingereza, hakuna hata nchi moja ya Afrika, ingawa Kenya na Uganda husomesha kwa lugha hiyo. Mwaka 2021, Kenya ilipotia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu. Nao mzigo umeongezeka: tangu tarehe 8 Januari 2026, mwombaji mpya wa viza ya mfanyakazi stadi Uingereza anatakiwa kufikia daraja la B2, badala ya B1 ya awali.

Kwa mwenye darasa la kufundishia mitihani au duka la vitabu, mabadiliko haya ni hesabu ya mali iliyo stoo. Kitabu cha mazoezi ya TOEFL kilichochapishwa kwa mtindo wa kabla ya Januari 2026 kimekwisha kuwa mzigo. Anayeagiza kwa wingi ahakikishe toleo kabla ya kutuma fedha.

Kwa mzazi anayemlipia mtoto, mambo ni matatu: chuo au ubalozi unaokusudiwa unapokea mtihani upi, ufanyikie wapi, na alama ngapi katika kila sehemu. Majibu ayapate kwa maandishi kutoka huko huko kwenye chuo au ubalozi. Anayeanza kwa kuuliza bei atauziwa mbuzi kwenye gunia, na miaka miwili ikipita gunia lenyewe halitakuwa na mnunuzi.