Kuteleza kwa Gurudumu la Nyuma

Baiskeli za gia moja zinazobeba mkaa, maziwa na madumu ya maji katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki hushika gurudumu la nyuma kwa mikato miwili iliyo kwenye ncha za fremu, ambamo ekseli, yaani chuma cha katikati ya gurudumu, huingia na kubanwa kwa nati kila upande. Mkato huo umelazwa ili fundi aweze kusogeza gurudumu hadi cheni ikazike, na hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa kuwa kinachoizuia ekseli isivutwe mbele ni msuguano tu kati ya nati na fremu.

Nguvu inayoshindana na msuguano huo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Pedali yenye mkono wa milimita 170, ikizungusha gia ya mbele yenye meno 46, ambayo nusu kipenyo chake ni takriban milimita 93, humwezesha mtu wa kilo 70 aliyeisimamia kuivuta cheni kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 128 hivi. Kwa kuwa cheni iko kulia, ncha ya kulia ya ekseli ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mvuto huo. Ikiteleza, gurudumu hukaa upande na tairi huanza kusugua bomba la kushoto la fremu. Rangi iliyochubuka kwa ndani kwenye bomba hilo humwelekeza fundi kwenye nati ya kulia.

Kutafuta spana ndefu zaidi si tiba, na mara nyingi huishia kuvunja nyuzi za ekseli. Nyuso zinazogusana ndizo za kushughulikiwa kwanza. Rangi iliyo chini ya nati husagika kidogo kidogo, na mbano hupungua ingawa nati yenyewe haijazunguka. Kwa hiyo ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, na grisi ifutwe kabisa. Nyuzi, kinyume chake, zipakwe mafuta, maana zikiwa kavu au na kutu hula nguvu ya mkono kabla haijageuka kuwa mbano. Washa yenye meno ya chuma kigumu huuma fremu. Iliyolika meno itupwe.

Pale ambapo mkato hufungukia nyuma, upo pia ulinzi ulio imara kuliko msuguano: kivuta cheni, kipande cha chuma kinachovishwa kwenye ekseli na kuvutwa kwa skrubu inayoegemea ncha ya fremu. Kikiwekwa kimoja, kiwe upande wa kulia. Hata hivyo, baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, nati zote mbili zikazwe tena.