Programu Inayomngojea Mwanafunzi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu ya kompyuta yenye dirisha, vitufe na visanduku vya kuandikia inavyotengenezwa kwa lugha ya Python. Lengo si kumfanya mwanachuo awe fundi wa kompyuta. Lengo ni kumwezesha kujitengenezea kifaa kidogo cha kufundishia, na kukitengeneza kwa namna isiyomwonea mtoto.

Python ilitolewa kwa watu wote mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Ni lugha ya skripti: mwandishi huandika maagizo katika faili ya kawaida, kisha huyaendesha papo hapo, bila hatua ya pekee ya kuyageuza kwanza kuwa lugha ya mashine. Kazi ya kuchora madirisha hufanywa na Tk, chombo ambacho John Ousterhout alikianzisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa ajili ya Tcl, lugha aliyoanza kuiunda mwaka 1988. Kiungo kati ya Python na Tk huitwa tkinter. Vyote hivi hupatikana bila malipo, na vikishawekwa katika kompyuta havihitaji intaneti.

Tukio ni nini?

Programu nyepesi tunazojifunza mwanzoni hufanana na andalio la somo: hatua ya kwanza, hatua ya pili, hadi mwisho. Programu ya dirisha hufanana zaidi na mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu hajui ni saa ngapi mtoto atajikwaa, wala ni lini mzazi atabisha hodi. Lakini kwa kila jambo liwezalo kutokea anajua la kufanya. Jambo hilo ndilo tuitalo tukio. Kubonyeza kitufe ni tukio. Kupiga herufi ya kibodi ni tukio. Kufunga dirisha ni tukio.

Kwa hiyo mwandishi wa programu ya namna hii hajiulizi, "Nitafanya nini kwanza?" Hujiuliza, "Mwanafunzi aweza kufanya nini, nami nitamjibuje?"

Mfano

Tutazame programu ya swali moja la kuzidisha:

from tkinter import *

dirisha = Tk()
swali = Label(dirisha, text="7 x 8 = ?")
jibu = Entry(dirisha)
tokeo = Label(dirisha)

def sahihisha():
    if jibu.get().strip() == "56":
        tokeo.config(text="Vema!")
    else:
        tokeo.config(text="Jaribu tena.")

kitufe = Button(dirisha, text="Sahihisha", command=sahihisha)

swali.pack()
jibu.pack()
kitufe.pack()
tokeo.pack()
dirisha.mainloop()

Label ni mahali pa maandishi ya kusomwa, na Entry ni kisanduku cha kuandikia. Neno def laanzisha fungu la maagizo, ambalo hapa tumelipa jina sahihisha. Fungu hilo halitendi kazi linapoandikwa. Hulala mpaka liitwe. Agizo pack huviweka vitu ndani ya dirisha, kimoja chini ya kingine. Mstari wa mwisho, mainloop, ndio unaoiweka programu zamu: hukaa ikisubiri tukio, hulipeleka kwa fungu linalohusika, kisha hurudi kusubiri.

Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni mabano. Katika kitufe tumeandika command=sahihisha, bila mabano. Maana yake ni: "Kitufe kikibonyezwa, mwite huyu." Ukiandika command=sahihisha(), umemwita sasa hivi, kabla mtoto hajagusa chochote; na baadaye kitufe kikibonyezwa hakuna litakalotendeka. Kosa hili huwasumbua wengi, maana kompyuta haitoi onyo lolote.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nami nilishuhudia madhara yake katika mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja alitaka neno "Vema!" likae sekunde tano kabla ya swali lifuatalo kuletwa. Basi ndani ya fungu la kusahihisha aliandika agizo la kulala, time.sleep(5). Msichana mmoja wa darasa la nne akaandika jibu lililo sahihi, akabonyeza. Hapakutokea kitu. Akabonyeza tena, na tena. Hatimaye likatokea neno "Umekosa". Mtoto akaondoa mikono mezani, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimeiharibu."

Hakuwa ameharibu kitu. Programu inapokuwa ndani ya fungu moja haiwezi kushughulikia tukio jingine, wala haiwezi kuchora upya dirisha. Ilipolala, neno "Vema!" lililala nalo. Mibonyezo yake miwili ya ziada ilipangwa foleni. Zamu yake ilipofika, swali lilikuwa limekwisha kubadilishwa, na jibu la zamani likapimwa kwa swali jipya.

Tiba yake ni kutolala kamwe ndani ya fungu. Badala yake andika:

kitufe.config(state="disabled")
dirisha.after(5000, swali_jipya)

Mstari wa kwanza hukifunga kitufe kwa muda. Wa pili huagiza fungu swali_jipya liitwe baada ya milisekunde 5000, yaani sekunde tano, na programu hurudi zamu mara moja. Ndani ya swali_jipya kitufe hufunguliwa tena kwa state="normal".

Hitimisho

Mtoto asiyejibiwa hudhani kosa ni lake. Hili ni kweli mbele ya ubao, na ni kweli mbele ya kompyuta. Kabla ya kuipeleka programu yako darasani, ijaribu kama mtoto angeijaribu: bonyeza mara tatu upesi, acha kisanduku kitupu, andika "hamsini na sita" kwa maneno. Pale itakaponyamaza au kudanganya, rekebisha.

Zoezi

1. Orodhesha matukio matano ambayo mwanafunzi aweza kuyasababisha katika programu ya mfano.
2. Ongeza kitufe cha "Nisaidie" kitakachoonyesha kwamba 7 x 8 ni sawa na 7 x 4 mara mbili.
3. Mwanafunzi aliyeandika "hamsini na sita" ataambiwa "Jaribu tena." Je, hiyo ni haki? Eleza, kisha rekebisha programu kwa kadiri ya maoni yako.