Msomaji wa Polepole Hajachelewa

Wapo wakazi wanaoazima kitabu maktabani na kukirudisha kabla ya kufika nusu, si kwa kukichoka, bali kwa kuona haya kwamba wenzao wamekwisha kumaliza. Haya hiyo haina msingi.

Jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari kama inavyodhaniwa. Huruka, hutua kwa takriban robo ya sekunde, kisha huruka tena. Na mara kwa mara hurudi nyuma kuhakikisha. Hata msomaji hodari hurudi. Kwa Kiswahili lipo jambo la ziada: neno moja kama "hatutawapikia" limebeba ukanushi, mtenda, wakati na mtendewa, hivyo kuhesabu maneno kwa dakika, kipimo kilichozoeleka kwa Kiingereza, hakumtendei haki msomaji wetu.

Mwendo hutegemea pia kinachosomwa. Tangazo la mnada hupitiwa kwa macho tu. Kusadikika ya Shaaban Robert, ijapokuwa ni kitabu chembamba, hudai utulivu, kwa kuwa utetezi wa Karama mbele ya mfalme una maana nyingine chini ya ile inayoonekana. Anayeukimbilia mwisho huambulia hadithi peke yake.

Muda wa kuazima ukikaribia kwisha, mkazi aende na kitabu kwa mkutubi kabla ya tarehe iliyogongwa muhuri, aombe kuongezewa siku. Huongezewa iwapo hakuna mwingine anayekisubiri. Mkutubi haulizi mtu amefika ukurasa wa ngapi.