Usingizi wa Mchana: Sababu Zake, na Mashauri ya Tiba ya Kihindi

Leo tutazungumza habari za usingizi wa mchana. Hatusemi usingizi mfupi wa mtu aliyelima tangu alfajiri, akajipumzisha chini ya mti jua likiwa la utosi. Huo ni haki yake. Tunasema habari za mtu ambaye kila siku, masika na kiangazi, husinzia: mwanafunzi asinziaye juu ya daftari lake, mama asinziaye karibu na moto, dereva ambaye macho humfumba hali ameshika usukani. Majirani humwita mtu huyo mvivu, na wengine hunong'ona ya kuwa amerogwa. Maneno hayo mawili yamewadhuru wengi, kwa kuwa aliyeitwa mvivu huona haya kwenda kwa daktari, na aliyeambiwa amerogwa hupeleka fedha zake pengine. Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Usingizi huo ni wingu. Yatupasa kuuliza ni mvua gani inayokuja.

Sababu ya kwanza ni nyepesi kuielewa, nayo ni kukosa usingizi wa usiku. Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi za kulala. Kijana wa miaka 13 hata 18 ahitaji saa 8 hata 10. Na mtoto wa miaka 6 hata 12 ahitaji saa 9 hata 12. Sasa itazameni Isaka. Mji huu umekua kwa ajili ya reli itokayo Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, na kwa ajili ya bandari ya nchi kavu, ambapo shehena zitokazo Dar es Salaam zimekuwa zikishushwa katika mabehewa na kupakiwa katika malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Malori hayajui usiku. Huko Bulyanhulu na Geita nako, wachimbaji wa dhahabu hufanya kazi kwa zamu, na mtu wa zamu ya usiku hurudi kulala wakati jogoo, watoto na jua wamekwisha kuamka. Usingizi wake huwa mfupi, maana mwili wa binadamu umefuata mwendo wa jua tangu kuumbwa kwake.

Mtu asidhani ya kuwa deni hili ni dogo. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu waliokesha. Waliona ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa mikono na akili sawasawa na mtu aliyelewa kiasi ambacho nchi nyingi humkataza kuendesha gari. Deni la usingizi halilipwi kwa chai ya rangi wala kwa sigara. Hulipwa kwa usingizi wenyewe.

Sababu ya pili ni upungufu wa damu. Damu ndiyo ichukuayo hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Ikipungua nguvu, mwili wote huwa mzito, moyo hupiga mbio kwa kazi ndogo, na viganja na sehemu ya ndani ya kope hugeuka kuwa vyeupe. Damu hupunguzwa na homa ya malaria irudiayo mara kwa mara, na kichocho, na chakula kisicho na mboga, maharage wala nyama. Hupunguzwa pia na minyoo ya safura. Mayai ya minyoo hii hutoka pamoja na choo cha mgonjwa. Yakianguka katika udongo wenye unyevu huanguliwa, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu mtupu, kisha hufika matumboni na kunyonya damu. Ulaya waliujua ubaya wake migodini. Mwaka 1880 Perroncito, mwalimu wa Turin, aliwapima watu waliochimba njia ya reli chini ya mlima wa Gotthard huko Uswisi, ambao walikuwa wamedhoofika na kubadilika rangi. Aliwakuta na minyoo hiyo, kwa sababu mgodini hapakuwa na vyoo. Basi wachimbaji wa kwetu na wachukue fundisho: choo kwanza, na viatu miguuni. Dawa ya minyoo hupatikana katika zahanati, na wajawazito wasikose kupimwa damu, kwa kuwa upungufu wake waweza kumwua mama wakati wa kujifungua.

Sababu ya tatu ni malale, ugonjwa ambao jina lake lenyewe lataja kulala. Huletwa na kijidudu kiingizwacho katika damu na mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya ishirini uliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, hasa Busoga, na mwaka 1903 daktari David Bruce alionyesha ya kuwa mbung'o ndiye auchukuaye. Mwaka 1922 uligunduliwa Maswa, si mbali na Shinyanga. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyesimamia uchunguzi wa mbung'o huko Shinyanga hata alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, aliona ya kuwa mdudu huyu hawezi kuishi pasipo kivuli cha vichaka. Watu wa Usukuma walifyeka mapori kwa mikono yao, maelfu kwa maelfu, na mbung'o wakarudi nyuma.

Siku hizi wagonjwa wa malale ni wachache sana katika Tanzania, lakini kuwa wachache si kwisha. Arinaji asali, akataye mbao au atafutaye dhahabu porini bado aweza kuumwa. Kwanza huja homa na maumivu ya kichwa, na pengine kidonda mahali alipoumwa. Baadaye kijidudu huingia ubongoni. Mgonjwa hulala mchana, hukesha usiku, na akili huchanganyika. Asipotibiwa atakufa, na malale ya upande wetu huua katika muda wa miezi tu. Habari njema ni kwamba mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishauri vidonge vya feksinidazoli kwa aina hii ya malale. Zamani mgonjwa ambaye ubongo wake umekwisha kuingiwa alidungwa dawa yenye sumu ya aseniki.

Ziko sababu nyingine pia. Mtu akoromaye sana, akakatika pumzi usingizini na kushtuka, hulala saa nyingi bila kupumzika. Mwenye kisukari husikia kiu, hukojoa mara nyingi na kuchoka. Huzuni nzito huleta uzito wa mwili. Baadhi ya dawa za mafua na za kujikuna huleta usingizi. Na jiko la mkaa lililofungiwa chumbani hutoa hewa ya sumu: kwanza hulevya, kisha huua.

Sasa tuje kwenye tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda, yaani elimu ya maisha. Kitabu chake kimoja kikubwa, cha Charaka, chakadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,000 hivi. Chasema ya kuwa uhai husimama juu ya nguzo tatu: chakula, usingizi na kiasi. Nacho hupambanua usingizi uletwao na usiku na ule uletwao na uchovu, na ule uletwao na maradhi. Uzito wa mchana hukihesabu kuwa ni kuzidi kwa kapha, yaani hali ya ubaridi na unyevu mwilini. Madaktari wa leo hawapimi kapha, lakini mashauri mengi yatokanayo na elimu hiyo ni mema, wala hayana gharama.

La kwanza, chakula cha usiku kiwe chepesi, kiliwe mapema, kisiwe cha mafuta mengi. La pili, mtu aamke kabla ya jua kuchomoza, anawe uso, atembee. La tatu, afanye mazoezi ya mwili, lakini aishie kwenye nusu ya nguvu zake. La nne, anywe maji ya moto yenye tangawizi na pilipili manga kidogo. Mwenye vidonda vya tumbo asinywe. La tano, apake mafuta ya ufuta nyayoni kabla ya kulala, ili usiku atulie. Na kuhusu kulala mchana, kitabu hukataza, ila huwaruhusu watoto, wazee, wagonjwa, wasafiri, wachukuzi wa mizigo, na watu wote wakati wa joto kali. Basi mtu wa zamu ya usiku asione haya kulala mchana. Atie giza chumbani, na jamaa zake wamwachie kimya.

Lakini yako mambo mawili ya kuogopwa. Kwanza, kitabu hicho hicho chashauri kutapisha, kuharisha na kutoa damu ili kupunguza usingizi. Je, mwenye safura, ambaye damu yake imekwisha kunyonywa, atolewe damu tena? Asikubali. Pili, baadhi ya dawa hizo hutengenezwa kwa madini. Mwaka 2004 wachunguzi wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika upande wa Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Wachimbaji wadogo wa Geita waijua zebaki: huikamatisha na dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huleta mitetemo, usahaulifu, uchovu na kukosa usingizi. Mtu aliyekwisha kuvuta mvuke huo asije akanunua sumu ile ile ndani ya chupa na kuimeza kama dawa.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, jaribu kwanza kulala vya kutosha kwa majuma mawili. Usingizi ukiisha, umepata dawa yako. Usipoisha, nenda zahanati ukapimwe damu na choo. Lakini mwenye homa aliyeumwa na mbung'o, mwenye viganja vyeupe, mwenye mimba, na mwenye kiu isiyokwisha, hao wasingoje hata siku moja. Tangawizi ni njema, na kuamka mapema ni kwema, ila havimtoi mnyoo tumboni wala kijidudu cha malale ubongoni. Na wewe mwalimu, mtoto akisinzia darasani, kabla ya kushika fimbo muulize alilala saa ngapi, kisha mtazame viganja.