Anayepiga Msuli Peke Yake

Miaka ya 1970, kijana aitwaye Uri Treisman alifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na jambo moja lilimkosesha raha. Wanafunzi weusi walioingia chuoni wakitamani uhandisi walikuwa wakianguka kalkulasi, somo ambalo usipolivuka, uhandisi umeusikia tu. Na hawa hawakuwa wanafunzi dhaifu. Wengi walikuwa vinara wa shule zao, fahari ya familia na makanisa yao.

Aliwauliza wahadhiri sababu. Wakamjibu: hawana hamasa, maandalizi duni, umaskini, wazazi wasiojali elimu. Treisman hakuridhika. Akachukua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya Kichina, hawa wa pili wakiwa wanalimudu somo hilo, akawafuata mpaka wanakoishi aone wanavyosoma. Sababu zote zile zikapwaya.

Wale wa asili ya Kichina kila mmoja alifanya maswali yake kwanza, kisha jioni wakakutana. Hubadilishana madaftari, husahihishana, huulizana maswali ya mitihani iliyopita. Pengine kaka au binamu aliyetangulia huja kuwatungia jaribio. Swali likiwashinda wote, wanajua ni gumu kweli.

Kati ya weusi 20, 18 walisoma peke yao. Walitimiza saa walizoelekezwa, kama 8 kwa wiki, wakalala wakiamini wamemaliza kazi. Swali likimshinda mmoja, hakuwa na wa kumwambia, "Hata mimi limenishinda." Akaanza kujishuku mwenyewe. Ofisi za kuwasaidia zilikuwepo, lakini aliyezoea kushika namba moja angekubalije kuonekana kwenye foleni ya wanaofeli?

Ndiyo maana warsha aliyoianzisha 1978 haikuitwa masomo ya ziada kwa wanyonge. Ilikuwa ya wanaotaka kung'ara. Walipewa maswali magumu kuliko ya darasani, wakakaa vikundi vidogo, mwalimu akipita kati ya meza bila kutoa jibu. Waliohudhuria waliwapita wenzao wasiohudhuria, wakiwemo wazungu na Waasia. Heshima ile, ya kumpa mtu kazi ngumu kwa sababu unamwamini, ilikuwa sehemu ya nguvu yake.

Upweke ule wa Berkeley una sura nyingine kwa wasichana. Katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, utafiti uliochapishwa 2015 uliwakutanisha wanafunzi wapya wa uhandisi na simulizi za waliowatangulia: kwamba mwanzoni nao walijiona wageni, na hali hiyo ikapita. Katika fani zilizojaa wanaume, wasichana waliopata kikao hicho kifupi walifikia alama za wavulana.

Vyuoni Tanzania, kukaa pamoja kusoma, kama walivyofanya wale wa Berkeley, ni diskasheni, na hakuna anayehitaji kufundishwa maana yake. Ila diskasheni huweza kuundwa na waliofahamiana tangu sekondari. Msichana aliyefika peke yake kutoka shule yake, mgeni wa jiji na wa bweni, anaweza kupiga msuli hadi alfajiri na bado sapu ikamkuta, kwa kuwa hakuna aliyemvutia kiti. Mhadhiri akigawa vikundi mwenyewe wiki ya kwanza, kabla urafiki wa zamani haujafunga milango, kiti hicho kinapatikana bila gharama yoyote.