Jina la Jani Ni Nusu ya Dawa

Hivi majuzi nilimpa mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Nyamira, makala ya Kiingereza ayatafsiri kwa Kiswahili. Makala hayo yalieleza jinsi watu wa Ulaya walivyotumia tangu kale majani makavu ya 'blackberry': yalichemshwa kama chai, maji yake yakanywewa kuzuia kuhara au yakasukutuliwa kutuliza vidonda vya kinywani. Aliporejesha kazi yake, jani lile lilikuwa limegeuka kuwa la mnavu.

Kosa hilo halikunichekesha. Mmea uliotajwa ni kichaka chenye miiba, wa jenasi ya Rubus, ambao jamaa zake humea pia kandokando ya misitu katika nyanda za juu za Kenya. Mnavu, ambao Abagusii huuita rinagu, ni wa jenasi ya Solanum. Matunda ya mimea yote miwili huweza kuwa meusi yakiiva. Basi kijana akafuata rangi. Lakini majani ya Rubus yana tanini, ambayo hukaza utando wa kinywa na wa matumbo. Rinagu ni mboga ya kupikwa, na matunda yake mabichi huweza kuwa na sumu iitwayo solanini. Mtu akikausha jani la huku akidhani ni la kule, tafsiri imemnywesha asichokijua.

Nilimuuliza: kwenu mmea ule wa miiba mwauitaje? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, utotoni tulikula matunda yake. Jina analijua nyanya."

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Katika Ekegusii, omote ni mti, na wingi wake, emete, hutumika pia kwa maana ya dawa. Mganga wa mitishamba ni omonyamete, yaani mwenye miti. Kuujua mti na kuijua dawa kumekaa katika neno moja. Jamii hii ndiyo iliyokuwa na ababari b'emetwe, wapasuaji wa fuvu ambao ustadi wao umeandikwa na madaktari wa kisasa. Ndiyo pia inayomlisha chinsaga mama aliyejifungua, ili arudishe damu aliyopoteza.

Waama, sidai kwamba kila cha jadi ni dawa. Tanini haitibu kipindupindu. Mtoto anayeharisha na apelekwe zahanati. Ninalodai ni kwamba hatuwezi kupima wala kukanusha tusichoweza kukitaja. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa serikali za kaunti jukumu la kuyasajili. Je, Kisii na Nyamira zitasajili nini iwapo majina yatazikwa pamoja na wazee?

Walimu wenzangu, likizo ijayo wapeni wanafunzi kazi hii: jina la Ekegusii, jani lililokaushwa na kubanwa karatasini, mahali lilipochumwa, na matumizi yake kama alivyoyasema mzee mwenyewe. Kisha mwalimu wa biolojia athibitishe jina la kisayansi. Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Naongeza kwamba mwacha jina ni kipofu katika shamba lake mwenyewe.

Mwanafunzi wangu amekwisha kupanda gari kwenda kwa nyanya yake. Tafsiri yake ingali mezani pangu, na pale palipoandikwa mnavu nimeacha pengo.