Mchungaji Aliyebaki na Kondoo Wake

Kaniama ni mji wa reli. Gari la moshi litokalo Kamina kwenda Kasai hupita hapa, na kila mtoto anajua mlio wake. Mwaka 1992 na mwaka 1993 magari ya moshi ya njia hii yalijaa watu kuliko siku zote. Walikuwa watu wa Kasai waliofukuzwa katika Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga. Wengi wao walikuwa Wakristo. Na wale waliowafukuza, wengi wao walikuwa Wakristo pia, waliobatizwa kwa maji yale yale.

Jambo hili lawezekanaje? Mtu anajua katekisimu yote bila kutazama kitabu. Anasali rozari. Kisha siku moja anaambiwa amchukie jirani yake, naye anamchukia. Imani yake iko kinywani, haijashuka mikononi.

Tazameni mtoto anayejifunza kusuka kikapu. Nkambo wake hamwambii maneno mengi. Mtoto hukaa karibu naye, hutazama vidole vyake, kisha hujaribu mwenyewe. Imani nayo hujifunzwa hivyo. Mtume Paulo aliwaomba Wakorinto wamfuate yeye, kama yeye alivyomfuata Kristo. Alijua kwamba watu huhitaji kuona kwa macho. Basi tutazame vidole vya mtu mmoja wa nchi yetu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu.

Alizaliwa mwaka 1926 huko Burhale, katika nchi ya Washi, karibu na Bukavu. Akawa padri mwaka 1958, na mwaka 1963 akaingia katika shirika la Wajesuiti. Alisoma sana, hata Ulaya. Lakini si masomo yaliyowafanya watu wampende.

Mwaka 1971 alikuwa Kinshasa, akiwaangalia vijana waliosoma katika chuo kikuu cha Lovanium. Vijana wale walimkasirisha Rais Mobutu, naye akaamuru wote waingizwe jeshini kwa nguvu. Padri Munzihirwa hakuitwa. Alikuwa mtu wa miaka kama 45, umri wa baba zao. Angeweza kubaki nyumbani na kuwaombea, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini aliomba aandikwe pamoja nao. Akaenda jeshini na vijana wake, ili wasiwe peke yao.

Wengi wakitaja habari zake husimulia kifo chake tu. Habari hii ya mwaka 1971 yafaa kukumbukwa zaidi, maana hapo ndipo tunapoona jinsi alivyojizoeza. Mtu hapati ushujaa siku ya hatari, kama mtu anunuavyo chumvi sokoni. Huuweka akiba kidogo kidogo.

Mwaka 1986 aliwekwa kuwa askofu, akapelekwa Kasongo katika Maniema. Mwaka 1994 akapewa jimbo kuu la Bukavu. Tena mwaka ule ule, mwezi wa Julai, watu wengi mno wakavuka mpaka kutoka Rwanda. Kule Rwanda Watutsi, mamia ya maelfu, walikuwa wamekwisha kuuawa. Kati ya wakimbizi walikuwamo wauaji, na walikuwamo pia wanawake, wazee na watoto wasio na kosa lo lote. Ilikuwa kazi ngumu kuwa askofu wakati ule. Kuwachukia wakimbizi wote lilikuwa jambo jepesi, na kuficha ubaya wa wauaji lilikuwa jepesi vilevile. Yeye hakupenda njia hizo mbili. Aliwatetea wakimbizi wasife kwa njaa na maradhi, akawaandikia wakubwa wa dunia barua nyingi kuomba msaada na amani. Alizoea kusema kwamba yako mambo yasiyoonekana ila kwa macho yaliyolia.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilifika Bukavu. Wakubwa wa serikali na wa jeshi walikimbia. Askofu alibaki. Aliwaomba watu wadumu katika upendo, wala wasikubali chuki ya kabila kwa sababu yo yote. Jioni ya tarehe 29 askari walisimamisha motokari yake mahali paitwapo Nyawera. Alishuka, akawaendea, msalaba wake mkononi. Wakamwua. Mwili wake ulilala barabarani hata kesho yake, ndipo vijana wa seminari walipokwenda kuuchukua.

Je, alikuwa haogopi? Hakuna mtu asiyeogopa bunduki. Bwana wetu mwenyewe alitoka jasho katika bustani ya Getsemani. Mtoto akisikia habari hizi asidhani kwamba watu wa Mungu wana moyo wa chuma. Walikula bukari kama sisi, walichoka kama sisi. Hapo ndipo maisha yao hututia nguvu. Injili inasema mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo, nasi twaweza kufikiri kwamba ni maneno ya zamani, ya nchi ya mbali. Kisha twamwona mtu wa Kivu, msemaji wa Kiswahili, akiyafanya mwaka 1996.

Wako wanaompenda kiongozi kwa sababu ya kofia yake ndefu na fimbo yake nzuri. Akiondoka, imani yao huondoka naye. Lakini aliyemtazama mchungaji mpaka akamwona Kristo nyuma yake, huyo hapotei njia.

Aliyekalia kiti cha Bukavu mwaka 1997 alikuwa Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Alijua vizuri yaliyotokea Nyawera, lakini alikubali kwenda. Naye alisema kweli juu ya mateso ya watu. Mwezi wa Februari 2000 wenye nguvu za silaha walimzuia asikae katika jimbo lake. Akawekwa mbali, huko Butembo, miezi saba. Mwezi wa Septemba aliruhusiwa kurudi, na watu wa Bukavu walijaa barabarani kumpokea.